Ngumi gizani Piešťany
Ubingwa wa dunia wa vijana wa hoki ya barafuni ni wa walio chini ya miaka 20, yaani rika la mwaka wa kwanza na wa pili hapa chuoni. Huchezwa kuanzia Krismasi hadi mwanzoni mwa Januari, na Wakanada hawabanduki kwenye TV.

Siku hizi kuna fainali. Mwaka 1987, kule Piešťany, Chekoslovakia, haikuwepo: timu 8, kila moja inakutana na zote, mwenye pointi nyingi anabeba dhahabu. Siku ya mwisho, tarehe 4 Januari, Kanada walishajihakikishia shaba. Wakiwafunga Wasovieti kwa tofauti ya mabao 5, dhahabu ni yao. Wasovieti medali ilishawapita, hivyo hawakuwa na cha kupoteza. Mpangilio wa hatari huo!

Kanada wakiongoza 4–2, zogo likazuka, benchi zote mbili zikamwagika uwanjani. Marefa wakasalimu amri. Taa zikazimwa, vijana wakaendelea kutwangana gizani. Timu zote mbili zikafutwa, Kanada wakapoteza hata ile shaba, dhahabu ikaenda Ufini.

Pierre Turgeon wa Kanada, miaka 17, alibaki amekaa benchi. Baadhi ya wenzake hawakumsamehe. Juni mwaka huohuo, Buffalo Sabres wakamchukua akiwa chaguo la kwanza la NHL.