Miongozo ya Ujenzi katika Mitaa ya Kale ya Pwani (Sehemu ya Pili): Ukuta, Dirisha na Kimo cha Nyumba

Mwongozo wa usanifu wa nyumba ni maandishi na michoro inayomweleza mwenye nyumba, fundi na ofisi ya vibali namna ya kukarabati, kuongeza au kujenga upya nyumba katika mtaa ambao umekwisha kuwa na sura yake. Kazi yake si ile ya sheria ya ujenzi ya kawaida. Sheria ya kawaida huitazama kila nyumba peke yake: iache nafasi kutoka mpaka wa kiwanja, iwe na maegesho, barabara iliyo mbele yake iwe na upana fulani. Mwongozo wa mtaa huitazama nyumba pamoja na jirani zake. Kama Mji Mkongwe wa Zanzibar ungelazimishwa kufuata taratibu za viwanja vya leo, vichochoro vya Kiponda na Sokomuhogo vingetoweka, kwa kuwa huko nyumba zimeegemeana, na kivuli cha nyumba moja ndicho kinachompoza mpita njia anayekwenda nyumba ya pili.

Zanzibar imekuwa na mipango ya mji tangu ule wa Lanchester wa mwaka 1923, ukafuatwa na wa 1958, wa 1968 uliotungwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na wa 1982 uliotungwa na Wachina. Mipango hiyo ilishughulika zaidi na barabara, viwanja na mitaa mipya ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Wakati huo nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa zinachakaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wamiliki wengi waliondoka, nyumba nyingi zikawa mali ya serikali, na jumba lililojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja likagawanywa kwa familia kadhaa zisizo na uwezo wa kulitengeneza paa, wala haki ya kuliita lao. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Miaka ya mwanzo ya 1990 wataalamu wa Aga Khan Trust for Culture, wakishirikiana na Mamlaka, walizipitia nyumba moja moja, zaidi ya 1,700, wakaandika hali ya kila moja. Kazi hiyo ilizaa mpango wa uhifadhi wa mwaka 1994, wenye madaraja ya majengo na masharti ya kila daraja. UNESCO iliuandikisha mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Sehemu ya mwongozo yenye uzito kuliko zote ni ile inayohusu ukuta, ingawa haivutii macho kama habari za milango ya kuchonga. Kuta za kale za Zanzibar ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyopangwa ndani ya udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, kisha yakapigwa lipu ya chokaa nje na ndani. Unene wake mara nyingi hufika nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hii haukukusudiwa kuyafungia maji nje moja kwa moja. Mvua ya masika huupenya, unyevu wa ardhini huupanda, na jua likitoka unyevu huo hurudi hewani kupitia vinyweleo vya chokaa.

Ukuta huohuo ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Hubaki ndani, ukaulainisha udongo unaoyashika mawe na kuviozesha vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani. Chumvi, ambayo imo katika mawe yenyewe na katika hewa ya pwani, huyeyuka na kusafiri na maji hayo mpaka nyuma ya lipu. Hapo maji yakikauka chumvi hugeuka fuwele, hufura, na kuibambua lipu vipande vipande. Mwenye nyumba akiiona lipu inabambuka hudhani saruji haikutosha, akaongeza tabaka zito zaidi. Ndiyo maana mwongozo unaosema tu kwamba nyumba ipakwe rangi nyeupe na ilingane na za jirani haujaihifadhi nyumba. Sura inaweza kuwa ya kale kabisa huku ukuta unaoza nyuma yake.

Hata hivyo fundi anayechagua saruji hastahili kulaumiwa peke yake. Saruji hununuliwa dukani asubuhi na kazi ikaendelea kesho yake. Chokaa huchomwa kwa magogo mengi, huzimwa kwa maji, na iliyo bora hukaa shimoni majuma mengi kabla ya kutumika; kisha lipu yake hutaka tabaka nyembamba, na kila moja ipewe muda wa kushika. Mwenye nyumba anayemlipa fundi kwa siku huuona muda huo kuwa hasara. Mwongozo wenye maana, basi, hufuatana na mpango wa kupatikana chokaa: mashimo ya pamoja ya kuihifadhi, vipimo vilivyoandikwa kwa ndoo na karai badala ya asilimia, na waashi wazee wanaolipwa kuwafundisha vijana. Pasipo hayo, sharti la chokaa huwa ni kumwamuru mtu atumie kitu ambacho hajui pa kukipata.

Mambo kama hayo huikuta dari. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya pwani, kwani boriti haivuki nafasi kubwa; vyumba vingi vya kale vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, hata vikiwa virefu sana. Boriti ikioza, wengi huibomoa dari yote na kumwaga zege lenye nondo. Zege hilo ni zito, na ukuta wa mawe na udongo haukutarajia mzigo huo wala ugumu wake. Ushauri wa kitaalamu ni kubadilisha boriti zilizooza tu, na kuanza na chanzo cha maji: bomba la choo linalovuja, paa lililotoboka, mlizamu uliokatika. Upatikanaji wa boriti nao una shida zake. Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, na amri hiyo ikaigusa mikoko ya Lamu, mahali ambapo boriti ni biashara ya kale na ni mahitaji ya kila ukarabati.

Lamu inafundisha zaidi kuhusu dirisha. Mji huo ulichunguzwa kwa makini na msanifu Usam Ghaidan, aliyechapisha kitabu chake juu ya Lamu mwaka 1975. Mpango wa uhifadhi uliandaliwa miaka ya 1980, na UNESCO iliuandikisha mji mwaka 2001. Nyumba ya mawe ya Lamu imeupa mtaa mgongo. Mgeni huishia dakani, kwenye benchi za mawe za mlangoni. Akikaribishwa, hupita tekani, na njia hupinda ili jicho lisifike ndani. Mwanga na hewa huingia kwa kiwanda, ua ulio wazi juu, na kutoka hapo vyumba hufuatana, msana, ndani, mpaka nyumba ya kati, kila kimoja kikiwa na sitara kuliko kilichokitangulia. Upande wa njia kuta hazina madirisha makubwa.

Mpangilio huo unategemea kila jirani kuuheshimu. Nyumba moja ikiongezwa ghorofa ya kupangisha wageni, yenye roshani pande zote, viwanda vya jirani huwa wazi kwa macho ya watu wasiojulikana. Wanawake waliokuwa wakifanya shughuli zao uani huacha, au huweka turubai juu, na turubai likizuia hewa nyumba hugeuka joto na giza. Hapa kanuni ya kimo na ya mahali pa dirisha inalinda maisha ya watu waliomo nyumbani kuliko inavyolinda picha ya mji. Mwongozo unapaswa kulisema jambo hilo waziwazi, kwamba hakuna dirisha wala roshani mpya inayotazama kiwanda cha mwingine, kwa sababu kanuni iliyotolewa pamoja na sababu yake hutetewa na wakazi wenyewe.

Kimo kina mashaka yake Zanzibar pia. Paa za mabati za Mji Mkongwe zimegeuzwa moja baada ya nyingine kuwa baraza za juu za kulia chakula, na kila mmoja hutaka kuiona bahari kumpita aliye mbele yake. Upande wa Shangani, hoteli iliyojengwa kando ya jengo la kale la Mambo Msiige ilizusha mvutano mrefu kati ya serikali na Kamati ya Urithi wa Dunia, ambayo ililalamikia ukubwa wa jengo hilo jipya. Mvutano ule ulionyesha udhaifu wa kanuni inayomkaba mwenye chumba kimoja katika mtaa wa Malindi na kulegea mbele ya mwenye mtaji mkubwa. Mkazi akiona hivyo, huchukua kibali kuwa usumbufu wa wanyonge tu.

Kuhusu uso wa nyumba kwenye njia, mengi yanakubalika bila ubishi. Baraza za mawe zisibomolewe wala kuzungushiwa kuta. Milango ya kuchonga ibaki na fremu zake mahali pake, isiuzwe. Katika njia za maduka kama Gizenga na Hurumzi, ambako nyumba za Wahindi zina duka chini na makazi nyuma na juu, milango ya mbao ya duka isibadilishwe kwa vioo na alumini. Viyoyozi, madishi na matangi ya plastiki yawekwe upande wa ua au yafichwe nyuma ya ukingo wa paa. Mji wa Kale wa Mombasa, uliotangazwa kuwa eneo la uhifadhi mwaka 1990, una kazi ya ziada ya kuzitunza roshani zake za mbao zinazoning'inia juu ya njia.

Ugumu huanza kwenye gofu, yaani kiwanja ambacho nyumba yake imekwisha anguka. Wapo wanaotaka nyumba mpya iigwe kutoka zile za zamani, na matokeo yake huwa matofali ya saruji yaliyobandikwa matao na vipande vya nakshi za mashine. Ni afadhali nyumba mpya iwe ya zama zake, ila ifuate mstari wa jirani kwenye njia, kimo chao, uwiano wa ukuta na matundu yake, na iwe na ua. Nyumba ya namna hiyo huziba pengo bila kumdanganya mtu kuhusu umri wake.

Utekelezaji wa haya yote hutegemea swali la nani anayemiliki. Nyumba ya wakfu, nyumba ya serikali yenye wapangaji wengi na nyumba ya urithi yenye warithi waliotawanyika Muscat, Dar es Salaam na London haziwezi kupewa barua ya amri ya aina moja. Ya kwanza huhitaji makubaliano na Kamisheni ya Wakfu. Ya pili, serikali ijitoze yenyewe gharama ya paa na mabomba. Ya tatu, muda wa kisheria ambao ukipita, matengenezo ya dharura hufanywa na gharama yake ikawa deni juu ya nyumba. Kwa mkazi wa kawaida, nusu ya kazi huisha pale sheha wake anapokuwa na nakala ya mwongozo kwa Kiswahili, yenye michoro, na mkaguzi anapofika kabla lipu haijapigwa.

Mwongozo hauhusu miji ya mawe pekee. Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliofukiwa, ilichukuliwa kwa muda mrefu kama eneo la kubomolewa, na majumba ya Michenzani yalijengwa juu ya mitaa iliyofutwa. Mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioandaliwa na serikali ya Zanzibar pamoja na washirika kutoka Uholanzi, uliwauliza wakazi ni mahali gani wanapathamini, na majibu yao yalitaja miti, viwanja vya mpira, maskani na mabaraza ya kahawa sawa na majengo. Nyumba za huko ni za udongo na fito, au matofali, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Kanuni zake ni nyepesi kuliko za Mji Mkongwe: fundi anaruhusiwa matofali na mabati, ghorofa huongezwa kwa kiasi, na kinachokatazwa ni kuula ua wote kwa vyumba vya kupanga, kuziba kipenu kati ya nyumba mbili, na kuukata mti ambao mtaa mzima hukaa chini yake.