Mashini ya «kuona magonjwa yote» na kadi za mutuele za uongo: namna ya kulinda wazee

Asubuhi wakubwa wanaenda sokoni ao shambani, watoto wanaenda masomo. Nyumbani anabaki muzee peke yake. Ni saa ile ndiyo mutu wa bluzi nyeupe anapiga hodi.

Ana komputa, na kachuma kadogo kenye waya. Anaomba muzee akashike mu mukono. Kisha dakika moja, komputa inatoa orodha: figo, ini, moyo, yote mabaya. Halafu mufuko unafunguliwa: dawa iko humo, bei yake ni ya dola.

Hakuna mashini ya namna hiyo. Tension inapimwa kwa kufunga mukono. Kisukari inapimwa kwa tone la damu. Figo inapimwa kwa damu na mikojo, mu labo. Kushika chuma hakuonyeshi magonjwa hayo.

Kupoteza makuta ni ubaya, lakini kuna ubaya unaopita huo. Muzee anaambiwa «umepona», ao «hii chai inatosha», na anaacha vidonge vyake vya tension. Tension haiumi kila siku. Mutu anajisikia muzuri, kumbe inapanda, mpaka siku mukono na muguu vya upande mumoja vinalegea.

Wengine wanakuja na kadi. Wanasema ni ya mutuele ya afya: lipa leo, kesho utatunzwa bure fasi yote, hata operesheni. Mutuele za kweli ziko Kongo, na sheria ya tarehe 8/2/2017 ndiyo inaziongoza. Lakini mutuele ya kweli ni chama: iko na komite, wanamemba wanachanga, na inapatana na vituo vya afya vinavyojulikana. Mara nyingi mwanamemba mupya anangoja kwanza muda fulani, na akigonjwa analipa sehemu kidogo yeye mwenyewe. Mwenye kuahidi yote bure kuanzia kesho, afikiriwe mara mbili.

Mambo ine yanasaidia:

– Mbele ya kulipa, mutu wa jamaa aende kwenye kituo cha afya na kuuliza: «Hii kadi, munaipokea hapa?» Kama hawaijui, haina kazi.

– Makuta yasitumwe kwa namba ya mutu binafsi. Risiti iwe na jina la chama na muhuri.

– Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money haipewi mutu, hata akisema ni ya kuandikisha kadi.

– Mashini ya tension yenye kununuliwa barabarani ipelekwe kwanza kituoni, ilinganishwe na ya pale. Na dawa ya munganga isiachwe bila munganga kusema.

Kama muzee amekwisha kudanganywa, asichekwe. Wazee wengi wananyamaza kwa haya, na mudanganyifu anaendelea nyumba ya pili. Shefu wa kartye, polisi na ofisi ya zoni ya afya wajulishwe mara moja, ili majirani waonywe.

Na muzee afundishwe neno moja la kujibu mulangoni: «Mwanangu ndiye anashika makuta, rudia mangaribi akiwa hapa.» Mwenye kazi ya kweli atarudi. Mwizi hatarudi.