Majina ya Nyota na Anga la Mbulu na Hanang

Makundi ya nyota hayako angani kama mito na milima ilivyo juu ya ardhi. Nyota tuzionazo pamoja mara nyingi hazina ujirani wowote. Moja yaweza kuwa mbali nasi mara nyingi kuliko mwenzake. Binadamu ndiye aliyezipanga, akifuata kazi yake na mahali aliposimama. Wataalamu wa elimu ya nyota walikubaliana mwaka 1922 juu ya makundi 88, na mipaka yake ikatangazwa mwaka 1930. Wachungaji wa Hanang hawakuulizwa.

Kwa sababu hiyo majina ya nyota katika Kiswahili yapasa kupimwa upya yanapopandishwa kutoka pwani hadi nyanda za juu za Mbulu. Tutazame neno jaa, ambalo maana yake ni kaskazini. Limetoka katika Kiarabu cha mabaharia, na huko ni jina la nyota ya ncha ya kaskazini. Maskati nyota hiyo husimama kiasi cha digrii 24 juu ya upeo. Mbulu iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta, nayo nyota imezama chini ya upeo daima. Hata Lamu haionekani. Waswahili walipokea jina la upande, na nyota yenyewe ikabaki njiani baharini. Suheli nayo, ambayo imekuwa jina la kusini, ni nyota kubwa inayoonekana Maskati ikiwa chini sana, kiasi cha digrii 14 tu inapofika kilele chake. Ndiyo maana ilifaa kuonyesha kusini. Mbulu hupanda hadi digrii 41, karibu nusu ya njia ya kufika utosini.

Lakini anga la huko lina fadhila zake. Katikati ya mwezi wa Mei, yapata saa tatu za usiku, mtu aliyesimama mahali peupe akielekea kaskazini humwona Dubu Mkubwa amepinduka miguu juu. Akigeuka tu, huuona Msalaba wa Kusini, nao uko juu kiasi kile kile. Msomaji wa Ulaya hana bahati hiyo. Tena zile nyota tatu za mkanda wa Orion, kundi ambalo Waarabu huliita Jabari, huchomoza mashariki hasa, hupita karibu na utosi, na kutua magharibi hasa. Mwenye nyota hizo hana haja ya jaa wala suheli.

Neno kilimia ni la namna nyingine. Hili ni la Kibantu, nalo lina kulima ndani yake. Wakhosa wa Afrika Kusini huziita nyota hizo hizo isiLimela, na zamani walihesabu miaka ya utu uzima wa mwanamume kwa kurudi kwake kila Juni. Kilimia hupotea katika mwanga wa magharibi mwezi wa Mei, masika yakiishia, na hurudi alfajiri mwezi wa Juni katika kiangazi. Mwezi wa Novemba huchomoza jua linapotua, na ndio majira ambayo mvua za Mbulu hutazamiwa. Nyota ni zile zile, ila alama zaweza kuwa mbili.

Sasa, wenyeji wakuu wa wilaya hizi si Wabantu. Wairaqw husema lugha ya Kikushi, nao ni wakulima na wafugaji. Wabarabaig husema Kidatoga, lugha ya Kiniloti, na ng'ombe ndio maisha yao. Wahadza wa Yaeda, ambao tangu zamani huwinda na kuchimba mizizi, wana lugha isiyo na ndugu aliyethibitika. Hao wa mwisho hucheza ngoma yao ya epeme usiku usio na mwezi, yaani wakati nyota zinapong'aa kupita nyakati zote. Kumwuliza Mhadza, "Kilimia mwakiitaje?" ni kumtia jembe mkononi kabla hajajibu. Atatafsiri kwa adabu, nasi tutaandika tafsiri yetu wenyewe katika kamusi tukidhani ni neno lake.

Afadhali mchunguzi atoke nje usiku, anyoshe kidole, na amwache mwenyeji aseme nyota zipi zaenda pamoja na zipi haziendi. Kisha aandike pamoja na jina mwezi, saa, upande na urefu wa nyota juu ya upeo, na kazi ambayo watu waliifanya zilipoonekana.