Kompyuta ya nyumbani: ni kinga ipi ya virusi inayofaa?

Katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani, familia nyingi zinazozungumza Kiswahili huhifadhi ndani ya kompyuta moja ya nyumbani karibu kila kitu chenye thamani: hati za uhamiaji, taarifa za kodi, kazi za shule za watoto, na picha za jamaa waliobaki Kongo, Burundi, Kenya au Somalia.

Familia hizo hujikuta mbele ya swali moja: je, kuna haja ya kununua programu ya kuzuia virusi, na kama ipo, inunuliwe ipi? Madukani zipo nyingi, kila moja ikidai kuwa bora kuliko mwenzake, na nyingine hutolewa bure.

Jibu fupi ni kwamba kwa watumiaji wengi wa Windows, kinga ya kutosha tayari imo ndani ya kompyuta, na haidai malipo yoyote. Jibu refu linahitaji kueleza kinga hiyo hufanya kazi gani, ni nani wanaofanya biashara ya kinga nyingine, na ni hatari zipi ambazo hakuna programu inayoweza kuzizuia.

Miji mitatu, mashambulizi matatu

Wakazi wa miji hiyo hawana haja ya kutafuta mifano mbali.

Mjini Buffalo, katika jimbo la New York, hospitali ya Erie County Medical Center ilishambuliwa mwezi Aprili mwaka 2017 kwa programu ya aina inayofunga mafaili na kudai kikombozi. Hospitali ilikataa kulipa makumi ya maelfu ya dola yaliyodaiwa. Wafanyakazi walirudi kwenye kalamu na karatasi kwa wiki kadhaa, na gharama za shambulio hilo zilikaribia dola milioni 10.

Mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky, shirika la hospitali la Norton Healthcare liligundua mwezi Mei mwaka 2023 kuwa wadukuzi wameingia katika mitambo yake. Taarifa za watu wapatao milioni 2.5, wakiwemo wagonjwa, wafanyakazi na jamaa zao, zilihusika. Jina la shirika hilo halina uhusiano wowote na programu ya kuzuia virusi iitwayo Norton.

Mjini Columbus, katika jimbo la Ohio, ilikuwa zamu ya serikali ya jiji lenyewe mwezi Julai mwaka 2024. Kundi la wadukuzi linalojiita Rhysida lilidai kuhusika, na baadaye jiji likaarifu kwamba taarifa za watu wapatao 500,000 huenda ziliibwa. Viongozi wa jiji walieleza kuwa wadukuzi walipata njia kupitia faili lililopakuliwa kutoka kwenye tovuti, si kupitia barua pepe.

Matukio hayo yana mafunzo mawili kwa mtu aliye nyumbani. La kwanza ni kwamba faili moja lililopakuliwa bila hadhari linatosha kuleta maafa, na hapo ndipo programu ya kuzuia virusi inapohitajika. La pili ni kwamba taarifa za mtu zinaweza kuibwa bila kompyuta yake kuguswa, kisha zikatumiwa na tapeli anayempigia simu akimtaja kwa jina lake kamili.

Kinga hufanyaje kazi?

Programu ya kuzuia virusi hukagua kila faili kabla halijafunguliwa. Njia yake ya kwanza ni kulinganisha faili hilo na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, mfano wa polisi anayelinganisha alama za vidole. Orodha hiyo husasishwa kila siku kupitia intaneti, kwa kuwa virusi vipya hutengenezwa kila siku.

Njia ya pili ni kutazama mwenendo. Programu isiyojulikana ikianza kufunga mamia ya mafaili kwa haraka, kinga huisimamisha hata kama alama yake haimo katika orodha.

Hata hivyo, kinga hiyo haiwezi kumzuia mwenye kompyuta kumkabidhi mtu mwingine neno lake la siri kwa hiari yake.

Kinga iliyomo tayari

Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kampuni ya Microsoft imekuwa ikiweka kinga ya virusi ndani ya Windows yenyewe. Leo kinga hiyo inaitwa Microsoft Defender. Mtumiaji anaweza kuiona kwa kufungua ukurasa uitwao Windows Security.

Katika miaka yake ya mwanzo kinga hiyo ilikuwa nyuma sana ya washindani wake, na ushauri wa wakati ule wa kununua nyingine ulikuwa wa haki. Hali imebadilika. Katika majaribio ya miaka ya karibuni imekuwa ikipata alama za juu pamoja na programu za kulipia.

Mtumiaji anapoweka programu nyingine ya kuzuia virusi, Defender hujiweka kando, kwa sababu kinga mbili zinazokagua faili lile lile kwa wakati mmoja hugongana na kuifanya kompyuta iwe nzito. Kwa hiyo kuweka programu mbili hakuongezi usalama maradufu.

Jambo la kuangaliwa ni kompyuta mpya zinazouzwa zikiwa na programu ya majaribio, mara nyingi McAfee au Norton. Muda wa majaribio ukiisha, ujumbe wa kudai malipo hujitokeza kila mara. Asiyetaka kulipa anapaswa kuiondoa kabisa, si kuiacha ikiwa imepitwa na wakati. Akishaiondoa, Defender hurudi kazini.

Kompyuta za Apple nazo zina kinga yake iitwayo XProtect, na zile za Chromebook hazihitaji kununuliwa programu ya virusi.

Ni nani anayepima?

Tangazo la muuzaji si ushahidi. Zipo maabara zinazofanya kazi ya kupima programu hizi na kutangaza matokeo ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma bure. Mbili zinazojulikana sana ni AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria.

AV-TEST hutoa hadi alama 6 katika kila moja ya mambo matatu: uwezo wa kulinda, athari kwa kasi ya kompyuta, na urahisi wa kutumia, yaani kama programu hupiga kelele za hatari pasipo na hatari. Jumla ya juu kabisa ni 18.

Kipimo cha pili, kasi, ni muhimu sana kwa familia nyingi za wahamiaji, ambazo kompyuta yao ya kwanza mara nyingi huwa imetumika na ina nguvu ndogo. Programu inayolinda vizuri lakini ikamchelewesha mwanafunzi kufungua kazi yake ya shule, mwishowe huzimwa, na kinga iliyozimwa haimlindi mtu.

Anayelinganisha afahamu pia kwamba majina mengi hayana maana ya wamiliki wengi. Norton, Avast, AVG na Avira zote ni mali ya kampuni moja, Gen Digital, iliyopata jina hilo mwaka 2022 baada ya Norton kuungana na Avast. Zilizo nje ya kundi hilo ni pamoja na Bitdefender ya Romania, ESET ya Slovakia na F-Secure ya Finland.

Bure, lakini kwa bei gani?

Wahenga walisema rahisi ghali. Mwezi Februari mwaka 2024, Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani, FTC, ilitangaza kuwa Avast italipa dola milioni 16.5. Tume iliishutumu kampuni hiyo kwa kukusanya habari za tovuti zinazotembelewa na watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, ambayo ilifungwa mwaka 2020. Programu iliyoahidi kuwalinda watu wasifuatiliwe ndiyo iliyokuwa ikiwafuatilia.

Kulipa nako si dhamana. Mwaka 2019 maduka ya Office Depot na kampuni ya Support.com yalikubali kulipa jumla ya dola milioni 35, baada ya FTC kudai kuwa ukaguzi wa bure wa kompyuta uliofanyika madukani uliwatisha wateja kwamba kuna virusi, ili wanunue matengenezo. Kwa mujibu wa tume hiyo, mteja aliyejibu ndiyo kwa swali lolote kati ya manne kuhusu matatizo ya kompyuta yake aliambiwa kuna dalili za virusi, bila kujali ukaguzi umeona nini.

Anayeamua kununua anashauriwa kutazama bei ya mwaka wa pili, si ya mwaka wa kwanza. Kampuni nyingi huanza na punguzo kubwa, kisha hukata malipo kutoka kwenye kadi moja kwa moja mwaka unapogeuka, kwa bei inayoweza kufikia maradufu.

Aulize pia anachokinunua ni nini. Vifurushi vya bei kubwa huuza usimamizi wa maneno ya siri, uangalizi wa watoto na ulinzi wa utambulisho. Nchini Marekani, mtu anaweza kuzifungia taarifa zake za mikopo katika kampuni za Equifax, Experian na TransUnion bila kulipa chochote. Sheria ya shirikisho imewapa wote haki hiyo tangu Septemba mwaka 2018. Kwa mkazi wa Columbus au Louisville ambaye taarifa zake ziliibwa, hatua hiyo ina faida kuliko programu yoyote ya virusi.

Siasa nazo zimeingia. Mwezi Juni mwaka 2024, Wizara ya Biashara ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa programu za kampuni ya Kirusi ya Kaspersky nchini humo kwa sababu za usalama wa taifa, na kutaka usasishaji ukome ifikapo Septemba 29 mwaka huo. Kampuni hiyo ilikanusha kuwa ni tishio. Wateja wake wengi nchini Marekani walihamishiwa programu iitwayo UltraAV, na baadhi yao walishangaa kuikuta kwenye kompyuta zao.

Ufa usiozibwa

Kuna jambo linalozidi uchaguzi wa jina la programu. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba mwaka 2025. Watumiaji wa nyumbani walipewa mpango wa ziada wa usasishaji wa usalama hadi Oktoba mwaka 2026, lakini lazima wajiandikishe.

Kompyuta nyingi zilizotumika, za kupewa au za kununua kwa bei nafuu, zina Windows 10, na baadhi hazina vifaa vinavyotakiwa na Windows 11. Usipoziba ufa utajenga ukuta: programu ya kuzuia virusi ni mlinzi wa mlangoni, wala haiwezi kuziba nyufa za nyumba yenyewe. Mwenye dola 60 za kutumia kila mwaka kwa kinga angefanya vyema zaidi kuziweka akiba kwa ajili ya kompyuta inayosasishwa.

Simu kutoka kwa “fundi”

Pigo kubwa kwa familia nyingi halitokani na kirusi bali na sauti ya mtu. Kompyuta hujaa ghafla ujumbe mwekundu na mlio mkali, ukisema kuna virusi na kutaja namba ya simu ya Microsoft. Au huja barua pepe inayodai kuwa usajili wa Norton umehuishwa kwa mamia ya dola, na asiyeutaka apige simu.

Anayepiga hupokewa na mtu mpole, ambaye humwomba aweke programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, kisha afungue akaunti yake ya benki, au anunue kadi za zawadi na kumsomea namba zake. Mhamiaji aliyezoea kutii barua za ofisi, na ambaye bado anajifunza Kiingereza, ni windo jepesi.

Ujumbe wa kweli wa Microsoft wa kuonya hauna namba ya simu. Wala hakuna kampuni halali au ofisi ya serikali inayodai kulipwa kwa kadi za zawadi. Anayekutana na ujumbe huo azime kompyuta. Aliyekwisha kutoa namba aiarifu benki yake mara moja, kisha FTC kupitia tovuti ya ReportFraud.ftc.gov.

Kwa wasikilizaji walioko Afrika Mashariki, mlango mwingine wa virusi ni kifaa cha flashi kinachopitishwa kutoka duka moja la kuchapisha hadi jingine. Kikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

Lililobaki ni nakala ya pili. Hospitali ya Buffalo ilikuwa na mamilioni ya dola ya kujenga upya mitambo yake, familia haina. Diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki, kunakiliwa hati na picha, kisha kuchomolewa na kuwekwa kabatini, haiwezi kufungwa na mdukuzi yeyote. Mwenye nakala hiyo, hata kinga yake ikishindwa, hatalazimika kumlipa mtu ili aione tena picha ya mama yake.