Homa ya Nguruwe na Siri ya Papasi

Mwaka 1921 R. Eustace Montgomery, mtaalamu wa mifugo aliyefanya kazi Kenya, alieleza ugonjwa uliowaua karibu nguruwe wote wa kufugwa walioupata, ilhali ngiri walibeba virusi vyake bila kuugua. Je, virusi hivyo vilitoka vipi porini hadi bandani? Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walivigundua ndani ya papasi waliokusanywa katika mashimo ya wanyama pori nchini Tanzania. Papasi hunyonya damu ya ngiri, kisha humwuma nguruwe.

Virusi hivyo havimdhuru binadamu, lakini binadamu ndiye avisafirishaye mbali, kwani hudumu katika nyama mbichi. Vilifika Ureno mwaka 1957 na China mwaka 2018.

Ugonjwa huo hauna tiba. Mfugaji aonaye nguruwe wake wakifa hushawishika kuwauza upesi waliobaki. Kwa kufanya hivyo hupeleka msiba kwa jirani. Kinga imo mikononi mwake: azungushie banda uzio, achemshe mabaki ya chakula, na amwarifu afisa mifugo kabla ya kuuza.