Kisu cha mgongo: Miezi mitatu ya Ter Stegen na maswali ya kujiuliza kabla ya kupasuliwa

JULAI 2025, kipa wa Barcelona, Marc-André ter Stegen aliwatangazia mashabiki kwamba anarudi tena kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Alishapasuliwa mara ya kwanza Desemba 2023. Safari hii akasema madaktari wanatarajia awe fiti baada ya miezi mitatu hivi.

Namba hiyo ndogo ikazua varangati.

Kwa kanuni za La Liga, mchezaji akiwa majeruhi wa muda mrefu, yaani miezi minne na kuendelea, klabu inaruhusiwa kutumia sehemu ya mshahara wake kuandikisha mwingine. Barca ilishamnunua kipa Joan García kutoka Espanyol na ilikuwa inahaha kupata nafasi ya kumwandikisha. Ikataka ripoti ya mgongo wa nahodha wake iende ligi. Ter Stegen akagoma kusaini. Agosti akavuliwa unahodha, kisha alipokubali kusaini akarudishiwa fasta.

Mgongo ulikuwa wake, lakini siku za kupona zilikuwa zinahesabiwa na watu wa fedha. Na hapo ndipo ugumu wa upasuaji wa mgongo kwa mwanamichezo ulipo, kwani majeraha mengine hayana mjadala mrefu. Kano ya goti ikikatika imekatika, inaungwa, unasubiri. Mgongo sio hivyo.

KINACHOUMA NI NINI?

Uti wa mgongo umepangwa kwa pingili, na kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama kimto chenye ukuta mgumu nje na ute mzito ndani. Ukuta ukichanika, ute ule unasukumwa nje na unaweza kugandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni.

Ndiyo maana mchezaji mwenye tatizo la diski huenda asilalamikie mgongo kabisa. Analalamikia makalio, nyuma ya paja, ganzi kwenye unyayo. Wapo wanaokandwa paja wiki nzima wakiamini ni nyama za paja zimevutika, kumbe mwenye kesi yuko kiunoni.

Upasuaji unaofanywa zaidi kwa wanamichezo ni ule wa kutoa kipande hicho cha diski kilichochomoza. Mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi, hupasuliwa sehemu ndogo, na kazi yenyewe huchukua kama saa moja. Shabaha ni kuufungua mshipa uliobanwa. Kwa hiyo anayefaidika zaidi ni mwenye maumivu ya mguu. Yule ambaye mguu hauna shida ila kiuno kinamchosha kila baada ya mechi, kisu hicho hakina uhakika wa kumsaidia. Wengi wanaojuta baadaye wanajutia hapo, walitarajia kazi ambayo upasuaji haukuwa umekusudiwa kuifanya.

Halafu kuna suala la picha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa kati ya watu wa miaka 20 ambao hawana maumivu yoyote, takribani asilimia 30 wanaonekana kwenye kipimo wakiwa na diski iliyovimba. Wakifika miaka 80 ni asilimia 84. Maana yake ukipiga MRI kikosi kizima cha vijana, utawakuta kadhaa wenye 'ugonjwa' ambao jioni wanapiga mpira bila tatizo. Picha lazima iendane na anachokisikia mgonjwa, la sivyo anapasuliwa picha badala ya mtu.

Hata kuvunjika sio lazima kuishie chumba cha upasuaji. Neymar alivunjika sehemu ya pingili ya kiunoni kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, Brazil dhidi ya Colombia, baada ya kupigwa goti la mgongo. Alitolewa kwa machela, fainali hizo zikaishia hapo kwake. Hakupasuliwa. Agosti mwaka huohuo alikuwa ameshavaa tena jezi ya Barcelona.

KUSUBIRI AU KUWAHI?

Diski nyingi zilizochomoza hupoa zenyewe ndani ya wiki sita hadi 12, kwa dawa, mazoezi ya tiba na kupunguza mzigo. Mwili wenyewe hukinyonya kile kipande taratibu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006 ulikuta kwamba baada ya miaka miwili, waliopasuliwa na wasiopasuliwa wote walikuwa wamepata nafuu kubwa, ila waliopasuliwa waliipata mapema.

Kwa karani wa ofisini, hiyo 'mapema' inaweza isiwe na uzito. Kwa straika ambaye mkataba unaisha Juni, ni mkate wa watoto. Daktari hawezi kumjibia swali hilo, na kwa kweli hata kocha hapaswi kumjibia.

Lakini ipo hali isiyo na mjadala. Ukianza kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukigoma kutoka, ganzi ikikaa sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mguu ukizidi kukosa nguvu, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Ukichelewa, mishipa inaweza isirudi tena.

Andy Murray alionja kitu cha namna hiyo Juni 2024 kwenye mashindano ya Queen's, London. Mguu wa kulia ulipoteza nguvu akiwa uwanjani, akaacha mechi, na siku chache baadaye akapasuliwa kutoa uvimbe uliokuwa ukibana mshipa mgongoni. Wimbledon ya mwisho ya maisha yake ilikuwa mlangoni. Aliukosa mchezo wa mmojammoja, akaingia wa wawiliwawili na kaka yake Jamie, kisha akaagana na tenisi kwenye Olimpiki ya Paris. Miaka 11 nyuma, Septemba 2013, alishapasuliwa mgongo miezi miwili tu baada ya kutwaa Wimbledon, na ilimchukua mwaka mzima kushinda taji jingine.

TIGER NA KERR

Wanaotaka kupasuliwa humtaja Tiger Woods. Wanaoogopa humtaja Steve Kerr. Wote wako sahihi.

Woods alipasuliwa 2014, akapasuliwa mara mbili 2015, na bado hali ikawa mbaya kiasi kwamba 2017 kutembea tu kulikuwa shida. Aprili mwaka huo akafanyiwa upasuaji mkubwa zaidi, wa kuunganisha pingili mbili za chini kabisa ziwe mfupa mmoja. Kwenye viwango vya dunia aliporomoka hadi chini ya nafasi ya 1,000. Aprili 2019 akatwaa Masters, taji lake kubwa la 15.

Watu huishia hapo kusimulia, ila stori inaendelea. Pingili zikiunganishwa, mzigo wa kujipinda unahamia kwa majirani zake. Woods alirudi tena kwenye kisu Desemba 2020, Septemba 2024 na Oktoba 2025, mara hii ya mwisho akiwekewa diski ya bandia kwenye pingili za juu ya zile zilizounganishwa. Hiyo ni mara ya saba mgongoni.

Kerr, kocha wa Golden State Warriors, alipasuliwa Julai 2015 wiki chache baada ya kutwaa ubingwa wa NBA. Maji yanayozunguka uti wa mgongo yakavuja. Alipasuliwa tena Septemba, akabaki na maumivu makali ya kichwa na kukosa mechi 43 za mwanzo wa msimu. Mwaka 2017 yakamtoa tena kwenye benchi wakati wa mtoano. Tangu hapo amekuwa akiwashauri watu waziwazi wakae mbali na upasuaji wa mgongo, wamalize kwanza mazoezi ya tiba.

UKISHAAMUA

Kwa upasuaji wa kutoa kipande cha diski, mgonjwa husimamishwa na kutembezwa siku hiyohiyo au kesho yake. Maumivu ya mguu mara nyingi hupungua haraka, ganzi ndiyo huchelewa, wakati mwingine miezi. Wiki za mwanzo hakuna kunyanyua kizito, kuinama wala kujipinda. Mchezaji wa kulipwa hurudi uwanjani kati ya miezi mitatu na sita, na uwezekano wa diski ileile kuchomoza tena upo. Kuunganisha pingili ni habari nyingine, mfupa unahitaji miezi sita hadi mwaka kushikana.

Hapa nyumbani upasuaji wa mgongo sio lazima upande ndege. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) inaufanya. Shida kubwa kwa wachezaji wa madaraja ya chini iko kabla ya hapo: sindano ya kutuliza maumivu Jumamosi asubuhi ili mechi ya jioni ichezwe, Jumatatu masaji, wiki ijayo sindano nyingine. Sindano inaficha maumivu, ila haioni kama mguu unapungua nguvu. Nani atalipia miezi mitano ya mazoezi baada ya upasuaji ni swali ambalo mikataba mingi hailijibu, na mchezaji anapaswa kuliuliza kabla ya kulala kitandani.

Ter Stegen naye alirudi langoni Desemba 2025, Barcelona ilipocheza na Guadalajara kwenye Kombe la Mfalme. Ni zaidi ya miezi minne tangu apasuliwe, ingawa kwa wakati huo García alishaikalia namba yake.