KUACHA NI KUMOJA, KUTOKA NI KWINGINE

Ndugu msomaji, ukishuka matatu pale Ukunda asubuhi na mapema, utawaona vijana wamejikunyata kwenye vibaraza vya maduka. Magunia ndiyo mashuka yao. Twawaita "mateja", kisha twakumbatia mikoba yetu na kupita. Mimi pia nilikuwa nikipita hivyo, hadi siku niliyomtambua mmoja wao. Alikuwa mwana wa ami yangu.

"Kaka, mbona huachi tu?" nikamwuliza.

Akacheka. "Kuacha nimeacha mara nne, mdogo wangu. Kutoka ndiko sijaweza."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tuanze na kuacha. Heroini, au unga, imeuzwa Pwani yetu tangu miaka ya 1980. Nguvu yake huisha kwa saa chache, kisha huja arosto: mifupa huuma, kamasi hutiririka, tumbo huendesha, usingizi hupaa. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Baada ya wiki moja hivi mwili hutulia, lakini hamu hubaki kwa miezi. Na hapo pana hatari kubwa: mwili uliopumzika hauwezi tena kuhimili kipimo cha zamani. Akikirudia, aweza kufa papo hapo.

Dawa ipo, nayo ni methadoni. Kenya ilianza kuitoa Nairobi mwaka wa 2014, Malindi ikafuata 2015, na hapa Kwale ipo kliniki ya Kombani. Ni dawa ya maji, hunywewa mbele ya mhudumu. Dozi moja huzuia arosto kutwa kucha, na aliyepimiwa sawasawa halewi.

Basi shida iko wapi? Shida ni kwamba lazima uende kila siku. Mtu wa Msambweni apande gari hadi Ukunda, aunge hadi Kombani, kisha arudi. Na kesho vivyo hivyo. Anayelala kibarazani nauli ataitoa wapi? Akiomba, hufukuzwa. Akiiba, hufungwa. Akipata kibarua, tajiri gani atamngoja kila asubuhi?

La pili ni kitambulisho. Cha kaka kilipotea akilala nje. Ili apate kingine, sharti kwanza akapige ripoti polisi. Hebu fikiria, teja ajipeleke polisi kwa miguu yake! Na bila kitambulisho hakuna kazi ya hoteli Diani, wala laini ya simu.

La tatu ni nyumba. Ami alimfungia mlango baada ya baiskeli kuuzwa. Simlaumu, maana aliibiwa mara nyingi. Lakini kumpa mtu dawa asubuhi, na usiku arudi maskani yaleyale kwa wavutaji, ni kumwanika mtu mvuani.

Mwishowe shangazi alimpa chumba cha uani na nauli ya kila siku, mkononi, asubuhi kwa asubuhi. Leo ni mwezi wa saba. Ameteleza mara moja, akainuka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wenzangu, unga usiuonje hata kwa mzaha. Na ukimwona teja kibarazani, usimwulize mbona haachi. Uliza ni mlango gani amefungiwa.